Kabla ya kupandisha PEEP: mapafu ya mama mmoja wa Rungwe, kanda kwa kanda

Kisa hiki kimejengwa kwa ajili ya kufundishia wauguzi na madaktari wa ICU, na namba zake zimepangwa zifanane na zile zinazokutwa kitandani. Kinahusu swali moja: oksijeni ya mgonjwa aliye kwenye mashine ikishuka, mkono uende wapi kwanza, kwenye kitufe cha PEEP (shinikizo ambalo mashine huliacha ndani ya mapafu mwisho wa kutoa pumzi) au kwenye ultrasaundi?

Alivyofika

Mwanamke wa miaka 38, mkulima wa ndizi na chai kutoka Rungwe, alifikishwa ICU jijini Mbeya usiku mmoja wa Julai. Ilikuwa siku ya tano ya homa, kikohozi na kubanwa pumzi. Mpira wa kupumulia alishawekewa kabla ya rufaa. Urefu sm 158, uzito kilo 78. Mashine ilikuwa inampa ujazo wa pumzi wa ml 420, pumzi 18 kwa dakika, PEEP 8 cmH2O na FiO2 0.7, yaani hewa yenye oksijeni 70%. SpO2, oksijeni ya damu inayosomwa kidoleni, ilikuwa 90%, presha 112/64. Plato, yaani shinikizo linalosomwa pumzi inapozuiwa ndani kwa muda mfupi, ilikuwa 27.

Alianzishiwa ceftriaxone na azithromycin. Kipimo cha VVU kilifanyika usiku uleule, na makohozi yaliyofyonzwa kupitia mpira yakapelekwa kwenye GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu. Katika mikoa hii hilo halingoji asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa juu kuliko kwingine kote mkoani Njombe, 12.7%, na Iringa na Mbeya hazikuwa mbali. Nimonia ya Pneumocystis, ya kuvu inayowapata wenye kinga dhaifu, huchafua mapafu yote karibu kwa usawa, tena ni mapafu yanayopasuka kirahisi, hivyo jibu la VVU hubadilisha hata namna ya kusoma picha. Kwa mama huyu majibu yote mawili yalikuwa hasi.

Oksijeni ya mahali palipoinuka

Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu mmHg 620, si 760 ya Dar es Salaam. Ukitoa 47 za mvuke wa maji, mtu mwenye afya anayevuta hewa ya kawaida anaingiza oksijeni ya mmHg 120 badala ya 150. Kwa FiO2 0.7 ni takriban 401 dhidi ya 499. Kwa hiyo mapafu yaleyale, yenye ugonjwa uleule, yataonekana mabaya zaidi Mbeya kuliko Tanga ukiyapima kwa uwiano wa oksijeni (oksijeni ya damu ikigawanywa kwa FiO2) peke yake. Ndiyo sababu fasili ya Berlin ya 2012 ya ARDS, yaani mapafu kuvimba, kujaa maji na kushindwa ghafla, ilitaka marekebisho kwa walio juu ya mita 1,000: kizingiti cha 300 ukikizidisha kwa 620/760 kinakuwa karibu 245.

Hospitali nyingi hazina kipimo cha gesi za damu saa nane za usiku. Fasili mpya ya kimataifa ya ARDS, iliyojadiliwa 2023, inaruhusu SpO2 igawanywe kwa FiO2 mradi SpO2 isizidi 97%, na inakubali ultrasaundi badala ya eksirei. Kwa mama huyu 90 gawanya kwa 0.7 ni 129, kundi la walio na hali kali zaidi. Lakini usisahau kwamba kidole chenye baridi ya Julai, hina nyeusi kwenye kucha na ngozi nyeusi vyote huvuruga kipimo cha SpO2, na kwa ngozi nyeusi mara nyingi kinasoma juu kuliko ukweli. Lengo la 92 hadi 96 ni salama zaidi kuliko kuridhika na 88. Kidole kipashwe joto kwanza, au kihisio kihamishiwe kwenye ndewe ya sikio.

Picha ya pafu kwenye ultrasaundi haina hesabu hiyo ya mwinuko. Mstari B, yaani mwale mweupe unaoshuka kutoka kwenye utando wa pafu lenye maji, ni uleule Mbeya na Bagamoyo.

Eksirei iliyopotosha

Eksirei ya kitandani, mgonjwa akiwa chali, ilionyesha weupe pande zote mbili kuanzia chini karibu hadi juu. Zamu ilisoma: ARDS iliyoenea mapafu yote. Kwa usomaji huo hatua iliyofuata ilikuwa na mantiki, kwamba kama pafu lote limejaa maji na kujikunja, lifunguliwe kwa PEEP. Ikapandishwa kutoka 8 hadi 14.

Ndani ya dakika 20 SpO2 ilishuka hadi 86%. Presha ikawa 84/46. Plato ikapanda hadi 35. Shinikizo la kusukuma, ambalo ni plato ukitoa PEEP, lilikuwa 27 − 8 = 19, sasa likawa 35 − 14 = 21. Hapa ndipo pa kusimama. PEEP inapofungua pafu, ujazo uleule huingia kwa urahisi zaidi na shinikizo la kusukuma hushuka. Likipanda, maana yake kinachotanuliwa ni sehemu ambayo tayari ilikuwa wazi.

Eksirei ilipotosha kwa sababu ya mlalo. Mgonjwa akiwa chali, pafu lililoganda liko mgongoni, na mionzi inapita mbele hadi nyuma. Ugonjwa wa nyuma unatandazwa juu ya pafu zima la mbele, na filamu inaonekana nyeupe kote. Siti skani ingetenganisha mbele na nyuma, lakini kumsafirisha mgonjwa wa FiO2 0.7 kwenye korido, na mtungi mmoja wa oksijeni, ni hatari ya peke yake.

Kanda 12

Ultrasaundi iliyokuwepo ilikuwa na proubu moja tu ya tumbo, iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5. Inatosha. Kina kiwekwe sm 12 hadi 14, fokasi ipangwe usawa wa utando wa pafu, na vichujio vya kulainisha picha vizimwe, maana huifuta mistari B, ambayo ndiyo inayotafutwa. Proubu isimame wima kwenye nafasi ya mbavu mbili hadi vivuli vya mbavu vionekane kulia na kushoto na mstari mweupe wa utando katikati. Ikiinama, mistari A (mistari ya mlalo inayojirudia chini ya utando, ishara ya hewa) hupotea na msomaji huanza kubuni ugonjwa usiokuwepo.

Kila upande una kanda sita: mbele juu na chini, ubavuni juu na chini, mgongoni juu na chini. Mipaka ni mstari wa mbele na wa nyuma wa kwapa. Kila kanda inapewa alama: 0 ikiwa na mistari A na mistari B isiyozidi miwili, 1 ikiwa na mistari B mitatu au zaidi iliyoachana, 2 mistari B ikiungana kuwa pazia jeupe, 3 pafu likiganda na kuonekana kama ini. Jumla ya juu kabisa ni 36. Aliyezoea anamaliza kwa dakika kumi.

Kosa linalojirudia ni kupima kanda za mbele tu kwa kuwa ndizo zinazofikika. Kanda za mgongoni zinataka watu wawili: mmoja anamwinua mgonjwa bega na nyonga kwa shuka iliyokunjwa, kiasi cha proubu kupita chini, mwingine anapima huku akiuangalia mpira wa kupumulia usivutwe. Ni kazi ya sekunde chache kila upande, na ndiko jibu liliko.

Kulia: mbele 0 na 0, ubavuni 1 na 2, mgongoni 2 na 3. Kushoto: mbele 0 na 1, ubavuni 1 na 3, mgongoni 2 na 3. Jumla 18.

Jumla hiyo peke yake haisemi kitu cha kufanya. Mwingine angepata 18 kwa alama 1 na 2 zilizotawanyika kila kanda, na huyo angeweza kunufaika na PEEP ya juu. Kwa mama huyu mbele kulikuwa karibu safi, utando unateleza vizuri, na mzigo wote uko nyuma na chini. Ndani ya pafu lililoganda vilionekana vimulimuli vya hewa vikienda na kurudi na pumzi. Hiyo ni njia ya hewa iliyo wazi ndani ya nimonia. Vikitulia bila kusogea, mara nyingi njia imeziba kwa kohozi na pafu limejikunja, na hapo kufyonza hutangulia.

PEEP ya 14 haikuwa na mahali pa kufungua pafu lililojaa usaha. Ilikwenda kwenye pafu zuri la mbele, ikalivimbisha, mishipa midogo ya damu huko ikabanwa, na damu ikasukumwa kwenda nyuma kwenye pafu lisilo na hewa. Hivyo oksijeni ikashuka badala ya kupanda. Mwonekano wa haraka wa moyo, kutoka chini ya kidari, ulionyesha ventrikali ya kulia imetanuka karibu kulingana na ya kushoto, na hiyo ilieleza presha kuanguka. Litamkwe wazi kwamba ultrasaundi haiwezi kuonyesha pafu lililotanuka kupita kiasi. Pafu zuri, pafu lililovimba na hewa iliyovuja kifuani vyote hutoa mistari A. Picha isomwe pamoja na plato, kila mara.

Kurekebisha

PEEP ilirudishwa 8. Kisha ujazo wa pumzi. Ml 420 zilitoka wapi? Ni ml 5.4 kwa kilo ukitumia kilo 78 za mizani, na kwa macho inaonekana ni pumzi ndogo. Lakini pafu halinenepi na mwili. Kwa mwanamke, uzito wa hesabu ni 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sm − 152.4), kwa mwanaume anza na 50. Hapa ni kilo 50.6. Ml 420 ni zaidi ya ml 8 kwa kilo. Ml 6 kwa kilo ni takriban 300. Futi kamba ya fundi nguo, pembeni ya kila kitanda, ingezuia kosa hili kwa gharama ya soda.

Ikawekwa ml 300, pumzi 28 kwa dakika. Pumzi ziliongezwa ili kaboni isipande mno: ml 420 × 18 zilikuwa lita 7.6 kwa dakika, sasa lita 8.4. Ziada hiyo inaliwa na njia za hewa ambazo hazibadilishani gesi, hivyo kaboni ikipanda kidogo ivumiliwe. Mchoro wa mtiririko uliangaliwa urudi sifuri kabla ya pumzi inayofuata. Kwa akina mama wa baridi ya huku, waliopikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka, hilo halipuuzwi, kwa kuwa pumzi hubaki ndani na kujilimbikiza.

Baada ya nusu saa: plato 21, shinikizo la kusukuma 13, presha 108/60, SpO2 91% kwa FiO2 ileile. Mashine nyingine zinahitaji kuingiziwa mwinuko wa mahali ili zipime ujazo sawasawa. Hilo likaguliwe siku mashine inapofungwa, si usiku wa dharura.

Kuhusu kusoma picha vibaya, jaribio la Ufaransa liitwalo LIVE, la 2019, ni la kukumbuka. Wagonjwa walipangiwa mashine kulingana na picha: ugonjwa wa sehemu wakapewa PEEP ndogo na kulazwa kifudifudi, ugonjwa ulioenea wakapewa PEEP kubwa. Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya vifo. Lakini 21% waliwekwa kundi lisilo lao, na hao walikufa zaidi. Picha ikisomwa nusu ina madhara zaidi kuliko kutokuwa na picha, kwa sababu inakupa ujasiri wa kufanya kosa.

Kifudifudi

Ugonjwa ukiwa mgongoni, mgeuze mgonjwa. Jaribio la PROSEVA la 2013, lililowalaza wagonjwa kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku, lilishusha vifo vya siku 28 kutoka 32.8% hadi 16.0%. Hakuna dawa ya ICU yenye matokeo ya namna hiyo kwa bei ya mito minne.

Mume wake, aliyekuwa nje kwenye benchi, alielezwa kabla: “Baba, tutamlaza mama kifudifudi hadi kesho, mapafu yake yameumia zaidi mgongoni. Ukimwona uso umevimba usishtuke, unarudi.” Asiyeambiwa hudhani amegeuziwa maiti.

Walihitajika watano. Mmoja kichwani hashiki kingine ila mpira, na yeye ndiye anayehesabu. Chakula cha mrija kilisimamishwa saa moja kabla na tumbo likafyonzwa. Macho yakapakwa mafuta na kufungwa kwa plasta. Mto mmoja chini ya kifua, mmoja chini ya nyonga, tumbo likiachwa na nafasi. Vibandiko vya moyo vikahamia mgongoni. Kichwa kiligeuzwa kila saa mbili, mkono wa upande wa uso ukiinuliwa. Ketamine na midazolam ziliendelea, na dawa ya kulegeza misuli ikatolewa kabla ya kugeuza, si baada ya mgonjwa kukohoa mpira nje.

Kifudifudi kina faida nyingine isiyosemwa sana: mgongo uko wazi, na kanda za nyuma zinapimika bila kuinua mtu. Saa nne baadaye kanda za mgongoni juu zilikuwa zimetoka 2 kwenda 1, na ya chini kulia kutoka 3 kwenda 2. Pale palipokuwa ini palianza kuonekana pazia la mistari B, maana yake hewa imerudi kidogo. Hadi asubuhi FiO2 ilishuka hadi 0.5 kwa SpO2 94%. Aliporudishwa chali jumla ilikuwa 14.

Saa tisa usiku wa tatu

Mara baada ya kurudishwa chali safari ya pili, kengele ya shinikizo ililia. Shinikizo la kilele 44, SpO2 80%. Muuguzi alisema, “Dokta, kushoto hakuinuki.” Kusikiliza kwa kipimo kulithibitisha kimya upande huo. Sindano ya kutoboa kifua ilikuwa tayari mkononi.

Proubu ikawekwa kifua cha kushoto mbele. Utelezi wa utando haukuwepo, na wengi huishia hapo wakasema hewa imevuja. Lakini utando ulikuwa unatikisika kidogo sambamba na mapigo ya moyo. Mtikisiko huo hauwezi kupita kwenye hewa iliyovuja. Ukiuona, pafu limegusa kifua. Mistari B michache nayo ilikuwepo, na mstari B hutoka kwenye utando wa pafu lenyewe. Kiwambo cha kushoto hakikusogea. Kulia pafu lilikuwa linateleza kwa nguvu. Pafu la kushoto lipo, ila halipati pumzi.

Alama ya mpira kwenye midomo ilisoma sm 24. Siku ya kwanza iliandikwa 21. Wakati wa kugeuza ulikuwa umesukumwa ukaingia njia ya hewa ya pafu la kulia. Puto linaloushikilia mpira ndani ya koo likatolewa hewa, mpira ukavutwa hadi 21, puto likajazwa tena, plasta mpya. Ndani ya dakika mbili kushoto kulianza kuteleza na SpO2 ikafika 93%. Sindano ingetoboa pafu zima, na hapo hewa ingevuja kweli.

Ingekuwa kinyume, presha imeanguka, hakuna utelezi, hakuna mtikisiko wala mstari B, hewa itolewe bila kusubiri picha nyingine. Na kuna mtego wa huku kwetu: aliyewahi kuugua kifua kikuu, au mchimbaji wa dhahabu wa Chunya aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka, anaweza kuwa na utando uliogandana na kifua. Hautelezi hata siku njema. Kwake tafuta nukta ambapo utelezi unaanza na kukoma. Ndiyo inayothibitisha uvujaji.

Kumwachisha mashine

Baada ya vipindi vitatu vya kifudifudi jumla ilikuwa 11, FiO2 0.4, PEEP 5. Siku ya sita alijaribiwa kupumua mwenyewe kwa kipande cha T, kiunganishi kinachompa oksijeni bila msukumo wa mashine, kwa saa moja. Dakika za mwanzo zilikuwa nzuri. Kufikia mwisho alipumua mara 34 kwa dakika, presha 168/95, na alama zikafika 18. Muhimu ni mahali zilipoongezeka: mbele, pande zote mbili, mistari B pale palipokuwa na mistari A siku zote. Nimonia hairudi kwa saa moja tena kwa usawa. Hayo ni maji. Chati ya maji ilionyesha amebakiza lita 4.6 tangu alazwe, nyingi zikiwa za kuyeyushia dawa na za kuitikia presha iliyoangushwa na PEEP usiku wa kwanza. Mashine ilipomwacha, damu nyingi zaidi ilirudi kifuani na moyo haukuimudu.

Alirudishwa kwenye mashine, akapewa furosemide mg 40 kwa mshipa, potasiamu ikapimwa, na kwa saa 24 akatoa lita 2.1 zaidi ya alizoingiza. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima wagonjwa mwisho wa jaribio la namna hii: walio chini ya 13 wengi walifaulu kutolewa mpira, walio juu ya 17 wengi walibanwa pumzi tena. Siku ya saba alianza na 9 akamaliza na 11, pumzi 22, akikohoa kwa nguvu. Mpira ukatolewa saa nne asubuhi.

Alipohamishiwa wodini alikuwa na alama 7, karibu zote kushoto chini mgongoni. Hilo ni eneo linaloweza kubaki limeganda wiki kadhaa wakati mgonjwa anajisikia vizuri, kwa hiyo kwenye kadi yake iliandikwa eksirei ya kusimama baada ya wiki sita, na GeneXpert irudiwe kivuli kikiwa bado kipo.